Mgeni Rasmi wa Mbwa Mwitu

Mzee Alute aliingia kwenye banda la video la Issuna saa nane mchana akiwa amevaa koti la suti, tai na kandambili. Watu wote walisimama. Itifaki ni itifaki, hata kama mgeni rasmi amekuja kuangalia mtu akigeuka mbwa mwitu.

Heshima hiyo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na tano kijiji kizima kilijua kwamba ni yeye peke yake aliyeiona filamu ya kwanza ya mbwa mwitu huyo, katika jumba la sinema Dodoma, siku ambayo kwa maelezo yake watu wanne walizimia na yeye hakupepesa jicho. Sasa Wazungu walikuwa wameitengeneza upya, kwa jina lilelile, na Pendo, mwenye banda, aliifuata Singida mjini akarudi nayo kwenye flashi. Nani mwingine angeweza kusema kama wameipatia au wameiharibu?

Benchi la pili alikaa Mwalimu Kristina wa sekondari, na daftari lake. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa Ijumaa, na mgeni rasmi waliyemtegemea alikuwa ametoa udhuru.

"Akitoka humu na heshima yake, tunamchukua," alimwambia Pendo. "Akikimbia, tutatafuta mwingine."

Mzee Alute alilijua hilo. Ndiyo maana ya tai.

Mshereheshaji alikuwa Shukuru, muuza nyama, mtu wa sauti kubwa na adabu ya wastani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Choo kiko nyuma, mkono wa kulia. Nakuonyesha mapema."

Banda likacheka.

"Mtakitafuta nyinyi," akajibu Mzee Alute, akaketi kwenye kiti chenye mto.

Pendo alitoka nyuma kwenye mashine, akaomba maiki. Alikuwa na tangazo dogo. Shukuru akaishika maiki kama mtu anayelinda maini ya mteja.

"Matangazo ni baada ya hotuba ya mgeni rasmi, dada. Usituvurugie ratiba."

Maturubai yakashushwa madirishani. Giza likaingia, na jasho, na harufu ya kuku walionunuliwa mnadani.

Matarajio yalikuwa makubwa. Vijana walitaka damu. Akina mama waliopitia hapo kutoka mnadani walitaka kujua kama binti wa kwenye filamu ataolewa. Wazee walikuwa na pingamizi la msingi.

"Mtu mzima anageuka mbwa?" aliuliza mmoja. "Huku kwetu, kwenye hadithi za bibi, mtu akigeuka anageuka simba. Mbwa si kujidhalilisha?"

"Kila taifa na uwezo wake," akajibu mwenzake.

Kwenye pazia la sinema kijana wa Kizungu alikuwa akitembea msituni, na Pendo akitafsiri kwa sauti: "Anasema kuna kitu nyuma yake."

"Si ageuke aone!" likafoka banda zima.

Binti alipokimbilia simu ya mezani kuita polisi, kijana mmoja alinung'unika, "Filamu mpya, simu ya waya?" Akaelezwa kwamba kijijini kwa yule binti hakuna mtandao. Akaridhika.

Ndipo mwezi ukatoka. Yule kijana wa Kizungu akaanguka kwa magoti, mgongo ukavimba, kucha zikarefuka. Hakuna aliyepumua. Na wakati huohuo pazia la mlangoni likatikisika, kikaingia kitu chenye manyoya, ndevu na pembe, kikalia.

Mabenchi yalipinduka. Kuku waliruka. Shukuru alitokea dirishani pamoja na turubai, na mwanga ulioingia ukaonyesha beberu aliyepotea njia kutoka mnadani. Shukuru huchinja wawili wa namna hiyo kila siku.

Mzee Alute hakutikisika. Alikunja mikono, akaangalia hadi mwisho.

Baada ya filamu mshereheshaji alirudi akichechemea, suruali imechanika, akamkaribisha mgeni rasmi kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Ndugu zangu," alianza Mzee Alute, "mmeona wenyewe. Wala huo si ushujaa. Hapa hakuna cha kutisha. Wameiharibu."

Makofi.

"Kwanza, yule mbwa. Ya zamani, unywele unautazama ukiota mmoja mmoja. Huyu wamemshonea zulia. Pili, mwezi wa zamani ulikuwa mwezi. Huu ni sufuria. Tatu, yule binti. Wa zamani hakulia ovyo, alishika shoka. Na mwisho wake! Mbwa wa zamani alikufa kiume, baada ya kuaga. Huyu kafia matopeni kama panya. Niliyeiona ya kwanza kwa macho yangu, siwezi kudanganywa hata sekunde moja."

Banda lilisimama. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Hata kijana wa simu ya waya alikiri kwamba tangu mwanzo alihisi kuna upungufu.

"Mzee, nimekukosea," alisema Shukuru. "Wewe ndiye shahidi wetu."

Mwalimu Kristina alifungua daftari, akaandika jina kamili la Mzee Alute, akalipigia mstari mara mbili.

"Ijumaa saa nne, mzee. Andaa hotuba."

"Iko tayari," akasema Mzee Alute, akinyoosha tai.

Ikabaki neno la shukrani na matangazo. Pendo akapewa maiki.

"Namshukuru mgeni rasmi, nawashukuru wote kwa uvumilivu," alisema. "Tangazo ni moja tu. Flashi ya filamu mpya iligoma kufunguka tangu saa saba, nami sikutaka kuwarudisha nyumbani bure. Mpya tutaiona Jumamosi ijayo. Mliyoiangalia leo ni ile ya kwanza, ileile aliyoiona mzee wetu Dodoma."