Mtumiaji Mmoja

Simu ililia kwa mara ya tatu. Msumari aliitazama ikitetemeka juu ya meza, kisha akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Ni wodini," alisema mpimaji wa programu, mwanamama aliyekaa naye meza moja. "Nipokee?"

Akaitikia kwa kichwa. Vidole havikuacha kibodi.

"Ndiyo, dada muuguzi, yuko hapa. Hapana, sasa hivi hawezi. Mwambie mtoto baba anakuja." Mpimaji akaiweka simu chini. "Saa sita kamili wanamwingiza chumba cha upasuaji. Mtoto amemng'ang'ania muuguzi nguo. Anasema haendi popote mpaka baba yake aje amsimulie hadi asinzie."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi na mbili.

Msumari ni jina alilopewa ofisini, maana akishapigiliwa kitini hang'oki. Leo haukuwa ukaidi. Saa tatu asubuhi, wenye programu kubwa inayoendesha simu na tableti walikuwa wameibadilisha. Walitangaza kufanya hivyo mwezi ujao. Wakaiwahisha bila hodi wala salamu. Vijalizi, zile programu ndogo zinazodandia kubwa, vilikuta milango viliyoizoea imezibwa. Kijalizi cha Msumari alikiandika peke yake miaka minne iliyopita, akiwa amelazwa. Nacho kilikata kauli hapo hapo.

Kilipozimika asubuhi hiyo, alikuwa kando ya kitanda cha binti yake wa miaka saba. Aliinuka, akavuka barabara mbio hadi ofisini, bila hata kumwambia mtoto anakwenda wapi.

"Wamejibu barua yako," alisema mpimaji, akasoma kwenye skrini yake. "'Kumbukumbu zetu zinaonyesha kijalizi hiki kina mtumiaji mmoja tu. Tunasikitika kwamba hatuwezi kurudisha mfumo wa zamani kwa ajili ya mtumiaji mmoja.'" Akasonya. "Mmoja! Kana kwamba mmoja si mtu."

Msumari aliendelea kuchapa.

Ujumbe wa mkewe ukaingia: *Njoo hivyo hivyo. Mshike mkono tu, inatosha. Kidole tumbo hakisubiri.*

Aliusoma mara mbili. Akaandika: *Nilimwahidi. Dakika ishirini.*

Mlango wa zamani ulikuwa hauna makuu: unaupa maneno, unakujibu papo hapo. Mpya ulitaka maneno, lugha, na kibali. Kisha ulikupa tiketi ukae usubiri kuitwa. Hapakuwa na muda wa kukiandika upya kijalizi kizima. Msumari aliamua kujenga daraja, mistari michache ya kusimama katikati, ipokee mambo kwa adabu mpya na kuyakabidhi kwa adabu ya zamani, ili kijalizi chenyewe kisijue kama dunia imegeuka.

Jaribio la kwanza: nyekundu tupu.

"Kibali," alisema mpimaji. "Umekiweka baada ya lugha. Wao wanakitaka kabla."

Akarekebisha. La pili lilipita, lakini maneno yalirudi shaghalabaghala, la mwisho mbele, la kwanza katikati. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi.

"Vipo vingine vya bure, tele," mpimaji alisema taratibu. "Pakua kimoja, uende kwa mwanao."

Msumari akamtazama. Mpimaji akainamisha macho.

"Samahani. Najua si sawa."

Saa tano na dakika thelathini na tano. Simu ikalia tena, ikakatika yenyewe. Msumari alipiga meza ngumi moja, kikombe kikaruka.

"Usihangaike kunijibu, andika tu," alisema mpimaji, akiisogeza pua hadi karibu iguse skrini. "Ona hapa. Tiketi hazifuati foleni. Yenye neno fupi inaitwa kwanza. Zipe namba, na daraja lisiachie neno mpaka lililotangulia limepita."

Mistari sita. Saba. Akakosea alama moja, akaifuta, akakosea tena palepale. Mpimaji akamshika kifundo cha mkono, akakibana kidogo, akakiachia.

Akaandika upya.

Saa tano na dakika arobaini na tisa, majaribio yote ishirini yalikuwa ya kijani.

"Nenda!" alifoka mpimaji. "Usikague tena! Nenda!"

Alichomoa tableti yake kwenye waya wa kompyuta, akaruka ngazi mbili mbili. Barabarani gari lilimfungia breki puani, dereva akamtukana hadi ukoo wake, hakugeuka. Hospitali ilikuwa na lifti moja, na mlangoni pake watu saba. Akapanda kwa miguu ghorofa tatu.

Mwisho wa korido, kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshafika kwenye milango miwili. Mkewe alikishikilia ukingoni kama anayezuia mashua isiondoke. Muuguzi alimwona Msumari, akasimamisha kitanda.

"Dakika moja, baba. Moja tu."

Binti alikuwa ameugeuzia ukuta uso. "Uliondoka," alisema. "Ulikuwa katikati ya hadithi, ukaondoka."

Msumari alipiga magoti, akihema, akaandika kwa kidole, akabonyeza. Tableti ikakaa kimya. Sekunde moja. Mbili. Mkewe akafumba macho.

Kisha ikatoka sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ile aliyoirekodi neno kwa neno wiki moja kabla madaktari hawajamwondolea kisanduku cha sauti kooni: "Nimerudi, mwanangu. Tulikuwa tumefika wapi?"