Picha Iliyobaki

Useni aliipenda kamera ile ndogo ya chuma mara tu alipoishika. Haikuhitaji betri, na lenzi yake haikuwa na mkwaruzo.

“Filamu iko ndani bado, mama,” alimwambia mjane Mrundi aliyeileta kuiuza dukani kwake mjini Baraka. “Imebakia picha moja.”

“Ile iko yangu. Bwana yangu alikuwa ananipanga nisimame vizuri, bakaanza kupiga masasi ya bunduki, akaanguka.” Mjane alirudi hadi ukutani, akanyoosha kitenge. “Piga.”

Useni aliweka jicho kwenye kidirisha cha kamera. Mjane hakuitazama lenzi. Alitazama juu ya bega la Useni, akatabasamu kama msichana.

“Sogea kidogo, baba,” alisema. “Unamuziba.”

Useni hakugeuka. Alisogea, akabonyeza.