Matlai Bado

Bi Mwanasiti alisimama mbele ya tanuu la chokaa, kijinga cha moto mkononi. Nyuma yake, upande wa mashariki, zilikuwa nyumba za makuti. Mwaka jana aliwasha mapema, upepo ukageuka, na nyumba tatu zikateketea. Leo wenyewe walikaa vizingitini na ndoo za maji.

"Washa, bibi wee!" alifoka Mbwarali, mwenye tanuu. "Au nimtafute mwingine?"

"Matlai bado."

"Matlai ni neno la Kiarabu, maana yake pachomozapo jua. Nimelisoma. Na jua si hilo hapo?"

"Umesoma vyema, bwana. Mama yangu hakusoma. Aliniambia ni upepo unaolifuata jua, mpole kama pumzi ya mtoto aliyelala. Huo ndio utakaoupeleka moto kichakani, mbali na nyumba."

Kijinga kilikuwa kimeungua karibu na vidole vyake. Alifungua pindo la kanga, akatoa usufi kidogo, akauachia.

Usufi ulielea usawa wa macho yao, haujachagua upande. Mbwarali akabana pumzi, asije akausukuma yeye.