Udongo wa Binti

Makame alitwaa chekeche la unga la mkewe, akaketi uani kuchekechea udongo wa mche wake wa bangi. Kila alichochota kiganjani alikinusa huku amefumba macho. Siwazuri alimtazama kutoka mlangoni. Jana alijifukiza udi mpaka nywele zikanukia, na mume akapita tu, akiuliza ndoo iko wapi.

"Binti huyu hataki udongo mzito," alisema Makame. "Mizizi yake itaoza."

"Binti!" Siwazuri alifyonya.

"Njoo basi. Huu wa zizini, au ule wa kisimani? Chagua wewe, mkono wako una baraka."

Siwazuri aliuminya ule wa kisimani. Ulishikana kama ugali, ukamganda vidoleni.

"Huu," alisema.

"Ndiyo maana nilikuoa!" Makame alicheka, akaujaza chunguni bila hata kuugusa mara ya pili.

Siwazuri alitwaa ndoo, akamwagilia mwenyewe. Maji yakatuama juu ya udongo, yakakataa kuzama. Ndani yake aliuona uso wa mumewe ukitabasamu, asijue unamtazama yeye au mche.