Kibali cha Mwenye Kulia

Katika nchi alikoolewa Mwanakombo, mke mgeni anayepigwa na mumewe hupewa kibali chake mwenyewe cha kuishi, asimtegemee mume tena. Shahidi ni kuta za nyumba, maana husikia kila sauti.

Asubuhi moja, mumewe Badi alipokwenda kazini, Mwanakombo aliomba kibali hicho. Afisa, mwanamke mpole, alitokea kwenye kioo cha ukutani.

"Bibi Mwanakombo, kuta hazikusikia hata kilio kimoja."

"Kwetu kilio hakitoki nje, mwenzangu. Somo yangu alinifunda hivyo kabla ya harusi. Nikipigwa, huuma kanga."

"Na mumeo?"

"Yeye hapigi kelele. Hufunga mlango polepole, kama anayekwenda kusali."

Afisa aliinamisha macho. "Basi akikupiga tena, lia kwa sauti. La sivyo utarudishwa kwenu, na mtoto wenu atabaki na babake."

Kioo kikazimika. Mwanakombo alimwomba Mungu msamaha, akasimama jikoni, akafumbua kinywa ajizoeze kulia. Sauti haikutoka. Akajaribu mpaka jua likapinduka, kisha akaketi, akitazama mlango. Hapo ndipo alipotambua, kwa hofu, kwamba anamngoja Badi arudi.