Namba ya Charo

Saa tatu asubuhi namba 47 iliwaka kwenye orodha ya seva, na kikombe cha chai kikabaki hewani mkononi mwa Kyalo.

Aliisoma mara mbili. Katika ofisi ile ya mawakala wa forodha pale Mbaraki, mwaka ule wa tisini na nane, kila kompyuta ilikuwa na namba yake ya mtandao, na Kyalo ndiye aliyezitenga zote. Kompyuta ikiunganishwa, seva huitambua na kuipa namba iliyowekewa, wala haiipi nyingine yoyote. Namba 47 ilikuwa ya kompyuta ya mkononi ya Charo.

Charo alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu, yeye na kompyuta yake. Watu walisema ametorokea Tanga. Kyalo mwenyewe aliwaeleza polisi kwamba rafiki yake alikuwa akiulizia mabasi ya huko. Na meneja, Bi Auma, alipotaka ile namba ifutwe, Kyalo alimsihi.

"Tuiache tu, Bi Auma. Huenda mwenyewe akarudi."

Alilomficha ni kwamba ndani ya kompyuta ile mlikuwa na orodha ya makontena yaliyotolewa bandarini kwa karatasi za uongo. Charo alimwonyesha yeye peke yake.

Sasa namba ilikuwa hai. Kyalo akaandika amri ya kuiita. Jibu likaja papo hapo. Akaita tena, ikajibu tena. Kompyuta hiyo ilikuwa humu humu jengoni.

Jasho jembamba likamtoka. Akachukua bisibisi, akatoka chumba cha seva akijifanya anakagua nyaya.

Kwenye benchi la wageni ukumbini alikuwa ameketi Sidi, mke wa Charo. Kila Jumatatu alikuja kutoka Tononoka, akakaa pale pale, akauliza swali lile lile.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama, shemeji."

"Kuna habari yoyote?"

"Bado. Vuta subira."

Hakuweza kumtazama machoni. Akapita.

Chumba cha wahasibu hakikuwa na kitu kigeni. Stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Alipochungulia kwa meneja, Bi Auma aliinua uso polepole.

"Kuna tatizo, Kyalo?"

"Hapana, Bi. Nyaya tu."

Bi Auma aliendelea kumtazama, muda mrefu kuliko nyaya zinavyostahili. Kyalo akaurudisha mlango taratibu. Nani anajua? Na anajua kiasi gani?

Aliporudi ukumbini akasimama ghafla. Awino, karani wa nyaraka, ambaye meza yake ilikuwa hatua mbili tu kutoka lile benchi, alikuwa akichapa kwenye kompyuta ya mkononi mpya kabisa. Boksi lake lilikuwa bado sakafuni. Ubavuni mwa kompyuta hiyo ilichomoza kadi ndogo ya mtandao, kijitaa cha kijani kikimetameta.

"Kadi hiyo umeitoa wapi?" Kyalo aliinyooshea bisibisi.

"Ni ya Charo. Aliniazima siku yake ya mwisho hapa, nikaisahau kwenye droo. Kompyuta hii imekuja bila kadi, nami nikachomeka hiyo." Awino alisita. "Nimekosea?"

Kyalo alivuta kiti akakaa. Kadi. Kadi tu. Seva hutambua kadi, haijui imechomekwa kwenye kompyuta gani. Ndilo jambo la kwanza alilofundishwa katika kazi hii, na woga ulikuwa umemsahaulisha. Alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi, akajifuta paji la uso kwa kiganja.

"Hujakosea kitu, Awino. Ni mimi tu. Nilidhani ni ile kompyuta yenyewe," akasema. "Nikajiambia, hata Mjapani hajaunda kompyuta ya kuwaka baada ya kukaa wiki tatu chini ya bahari."

Awino alikuwa ameanza kutabasamu naye. Tabasamu likakwama njiani. Macho yake yakamwacha Kyalo, yakatazama nyuma yake.

Sidi alikuwa amesimama.

"Bahari ipi, shemeji?"