Siku Sita Kabla ya Moto

"Mwongo!" Santa alisimama katikati ya mahubiri, kitabu cha Nabii Herbert mkononi. "Kitabu hii umeandika baada ya moto. Wewe si nabii, wewe mwongo tu!"

Katika kanisa la Walukuba, mjini Jinja, hata mpiga kinanda akaondoa vidole. Santa alikuwa askari magereza mstaafu, mama wa Kiacholi, mrefu, asiyecheka ovyo, na kila mtu pale alikijua kidonda chake. Miaka miwili nyuma binti yake wa pekee, Aber, fundi cherehani aliyelihama kanisa hilo baada ya kugombana na Nabii, aliungua ndani ya chumba chake. Mlango ulikuwa umefungwa kutoka nje. Asubuhi mtaa mzima ulikuja kuutazama mnyororo wa baiskeli uliobaki ukining'inia kwenye komeo.

Wiki mbili baadaye Nabii Herbert akatoa Ufunuo wa Walukuba, kitabu chembamba ambacho alisema malaika alimsomea, yeye akaandika. Ukurasa wa saba ulisema: "Mshonaji aliyeasi ataungua, na mlango wake utafungwa kwa mnyororo wa baiskeli." Kanisa la watu arobaini likawa la watu elfu mbili. Kila Jumapili ukurasa ule ulisomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na Santa akayasikia makofi hayo akiwa jikoni kwake, ng'ambo ya barabara. Makofi, kwa kifo cha mwanawe! Alimchukia Herbert.

Waliomwamini Nabii walisema ni Mungu. Wasiomwamini walisema ni ujanja wa mjini: mtu kauona mnyororo, kaenda zake kuandika. Polisi nao walifikiri hivyo hivyo.

"Kitabu ya baada ya moto haitusaidii kitu, mama," walimwambia.

Basi Santa akaanza kutafuta elimu. Alipanda basi mpaka Mbale, kwa Mwalimu Gorreti wa chuo kimoja cha dini pale Nabuyonga, akamwuliza maandiko ya manabii wa kale yaliandikwa na nani, na lini. Mwalimu alimweleza jinsi wasomi wanavyopima: hutafuta mahali ambapo nabii anajua mambo madogo kupita kiasi.

"Anayejua madogo namna hiyo," alisema, "mara nyingi aliandika mambo yakiwa yameshatokea."

"Mara nyingi," Santa alirudia, akaaga.

Kutoka hapo alikwenda katikati ya mji huo huo kwa Ridwan, mpiga chapa ambaye jina lake lilikuwa nyuma ya kitabu. Ridwan alikuwa na desturi yake. Hakuwasha mashine mpaka mteja asome nakala ya kwanza, asahihishe kwa kalamu, kisha atie saini na tarehe kwenye kila ukurasa. Nakala hizo alizitunza zote, kwa sababu wachungaji ni hodari wa kumsingizia mpiga chapa makosa yao. Lakini Santa hakuonyeshwa hata moja.

"Ile ni amana ya mteja, mama," Ridwan alisema. "Aniambie yeye mwenyewe, nitaileta hata Jinja."

Ndiyo maana Jumapili ile Santa alipiga kelele kanisani.

Nabii Herbert alitabasamu. "Afande Santa, sasa unataka nini?"

"Ita Ridwan na karatasi yake. Tuone tarehe. Kama umetudanganya, shuka hapo juu, usipande tena."

"Jumapili ijayo," alisema Herbert, bila kufikiri mara mbili.

Jumapili hiyo watu walijaa mpaka madirishani. Santa alifika na mgeni mmoja, mwanamume mkimya mwenye shati la mikono mifupi na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, akamkalisha kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Ridwan akapanda mbele na bahasha yake, akavaa miwani.

"Ukurasa wa saba," alisoma. "Saini ya Nabii Herbert. Tarehe tatu Machi."

Moto ulikuwa tarehe tisa.

Vigelegele vikapasua paa. Wanawake walipunga vitambaa, mtu fulani akapaza sauti kwamba Santa apige magoti. Herbert alishuka madhabahuni akaja kusimama mbele yake, kipaza sauti mkononi, jasho la furaha likimtiririka.

"Siku sita, mama! Siku sita mbele ya moto! Omba msamaha kwa Mungu."

Santa hakupiga magoti. Aliomba karatasi aione mwenyewe. Aliiinamia, akasoma mstari kwa mstari, na watu wakadhani ni aibu. Kwenye mstari wa nne neno "kufuli" lilikuwa limekatwa kwa wino wa bluu, na juu yake pameandikwa kwa mkono: "mnyororo wa baiskeli."

"Hii kalamu ya nani?" aliuliza.

"Yangu. Kila neno ni mkono wangu."

"Hakuna mtu alikuambia?"

"Hakuna mtu! Mimi peke yangu na malaika."

"Tarehe tatu?"

"Tarehe tatu!" Herbert alinguruma, na kanisa zima likaitikia pamoja naye, tarehe tatu, tarehe tatu.

Santa aligeuka nyuma, akakaza mgongo, akampigia mgeni wake saluti.

"Afande Gaster, umesikia?"

Gaster, mpelelezi wa polisi, alikuwa ameshasimama, na alikuwa akifunga mlango.